Dada Mkubwa katika Chozi la Heri: Riwaya ya Malezi Isomwapo Kakamega

Kwa miaka kadhaa kuanzia 2018 riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, ilikuwa kitabu cha lazima kwa watahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya. Vijana wa Malava, Mumias, Khwisero na Kakamega mjini waliisoma kama walivyoisoma wenzao wa pande zote za nchi: kalamu mkononi, wakikariri majina ya wahusika na kuorodhesha maudhui. Katika miongozo iliyotungwa ili kuwasaidia, suala la malezi aghalabu hutengewa aya chache. Malezi mema ni ya Mwangeka na Apondi; malezi mabaya ni ya Sauna na Bi Kangara; kisha hutajwa methali isemayo kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mwanafunzi huhesabiwa kuwa amekwisha kulimaliza suala lenyewe. Watoto wa riwaya hii wamefiwa, wameachwa, wameuzwa na kukimbia makwao. Kuwapanga katika safu mbili, moja ya wema na moja ya ubaya, ni kuwatendea kama bidhaa za rafuni.

Makala haya yanakusudia kulifungua suala hilo upya kwa kuuliza swali jepesi: katika Chozi la Heri, ni nani hasa ambebaye mtoto mdogo pale nyumba inapoanguka? Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba ambebaye ni mtoto mwenzake, na hasa dada mkubwa. Masimulizi ya Matei yanalijua jambo hili na kulionyesha kwa ustadi. Lakini msuko wa riwaya unapokaribia mwisho hulisahau, na sifa yote ya uokozi hupewa watu wazima wenye mishahara, vyeo na nyumba za kutosha. Kati ya kile ambacho riwaya inakijua na kile ambacho inakituza kuna pengo, na pengo hilo si la kifani tu.

Kisa na Kariobangi

Kakamega inafaa kuwa mahali pa kuisomea riwaya hii kwa sababu isiyohusiana na mapenzi ya mtu kwa kwao. Ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki ambako ulezi wa mtoto na ndugu yake ulichunguzwa mapema na kwa makini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Thomas Weisner, alianza utafiti katika lokesheni ya Kisa, ambayo leo imo katika eneo la Khwisero, Kaunti ya Kakamega, na kadhalika katika mtaa wa Kariobangi, Nairobi, walikohamia wanaume wa Kisa kutafuta kazi. Alichokikuta ni familia moja yenye nyumba mbili: baba yuko mjini, mama yuko shambani, na watoto wanapelekwa huku na huku kwa kufuata karo, mavuno na ugonjwa.

Katika nyumba ya shambani mama hulima, huteka maji, huchanja kuni na kwenda sokoni. Mtoto mchanga yumo mgongoni mwa dadake wa miaka saba au minane, au mwa kakake ikiwa hakuna msichana wa umri huo. Mtoto anayetembea akiona njaa mara nyingi hamwendei mama. Humwendea dada, na dada ndiye aendaye kwa mama au afunuaye chungu mwenyewe. Msaada hupita katika mnyororo wa mikono. Kazi ya mama ni kuusimamia mnyororo huo, wala si kutenda kila tendo yeye mwenyewe. Mwaka 1977 Weisner na mwenzake Ronald Gallimore walichapisha makala yaliyolinganisha jamii nyingi za dunia, wakaonyesha kuwa ulezi wa namna hii ni desturi ya sehemu kubwa ya binadamu. (Bibi yeyote wa Kisa angeweza kuwaeleza hayo kwa sentensi moja, lakini bibi wa Kisa hakuwa na jarida.) Miaka ishirini baadaye, katika kitabu kilichohaririwa na Weisner, Candice Bradley na Philip Kilbride mwaka 1997, Weisner alirudi kwenye suala la msaada kwa watoto ili kuuliza mnyororo huo umepatwa na nini wakati familia ya Kiafrika inapokumbwa na msukosuko.

Habari hizi hazifai kusomwa kama wimbo wa sifa. Dada wa miaka minane hupiga, hunyang'anya chakula, husahau mtoto juani akienda kuruka kamba. Na kila saa anayokaa na mtoto mgongoni ni saa inayoibwa kutoka katika utoto wake na masomo yake. Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma, wasichana wengi waliokuwa wakikaa nyumbani kulea wakaingia darasani, na hilo ni jema lisilo na mjadala. Lakini kazi waliyoiacha haikuondoka pamoja nao. Mwenye uwezo aliajiri yaya. Asiye na uwezo alimwachia mtoto bibi. Asiye na bibi alijua mwenyewe la kufanya.

Hapo ndipo aingiapo Sauna.

Nyumba ya Lunga

Lunga Kiriri-Kangata wa Chozi la Heri ni mtu mwadilifu anayeachishwa kazi kwa sababu amekataa wananchi wauziwe mahindi yasiyofaa kuliwa. Anahamia Msitu wa Mamba, anafukuzwa huko pamoja na wengine, na hatimaye anajikuta Mlima wa Simba hana mbele wala nyuma. Mkewe Naomi anaondoka. Lunga anakufa. Wanabaki watoto watatu, Umulkheri aitwaye Umu, Dick na Mwaliko, pamoja na kijakazi wa nyumba, Sauna. Umu anakwenda shuleni. Anaporudi anakuta nyumba haina mtu. Sauna amewachukua wavulana wawili na kuwapeleka kwa Bi Kangara, ambaye biashara yake ni watoto.

Tukio hili hutajwa na wahakiki kama kielelezo cha ulanguzi wa watoto, na kwa kweli ndivyo lilivyo. Lakini yafaa kutazama jinsi msanii alivyolipanga. Mwizi havunji mlango wala haji usiku. Anaiba mchana, akiwa ndani ya nyumba, katika saa zile ambazo dada mkubwa yumo darasani. Matei hakuhitaji kuwa mwanaanthropolojia ili kutambua kwamba usalama wa Dick na Mwaliko ulikuwa ni macho ya Umu, na kwamba macho hayo yalipoelekezwa ubaoni, kama ilivyo haki ya kila msichana, hapakuwa na macho mengine. Mama ameondoka, baba amekufa, bibi hayupo, shangazi hayupo, jirani hatajwi. Mnyororo uliokuwa na mikono mingi umebaki na mkono mmoja wa mtoto na mmoja wa mtumishi wa mshahara.

Zaidi ya hayo, riwaya haikuridhika na kumfanya Sauna shetani. Baadaye msomaji anapewa habari zake: msichana aliyenajisiwa na baba wa kambo, ambaye nyumba yake mwenyewe haikuweza kumlinda, akatoroka na kujiingiza katika kazi za nyumba za watu. Naye, kwa maneno mengine, alikuwa mtoto aliyekosa wa kumbeba. Hapa Matei amefikia kilele cha uhalisia wake. Anaonyesha kwamba yaya mwovu hakuanguka kutoka mawinguni; ametengenezwa na uvunjikaji uleule wa nyumba unaomwachia nafasi ya kuingia nyumba nyingine. Miongozo ya wanafunzi, inapomwandika Sauna kama "mhusika mbaya, katili, mwenye tamaa", huwa imeyafuta maarifa haya ambayo mwandishi ameyapata kwa jasho.

Kuhusu Bi Kangara hapana mengi ya kusema. Ni mfanyabiashara, na sheria inamfikia.

Bwenini Tangamano

Sehemu iliyo bora kuliko zote katika riwaya hii, kwa mtazamo wa makala haya, ni ile ya Shule ya Upili ya Tangamano. Huko Umu, ambaye amekwisha kupoteza wazazi na ndugu, anakaa na wenzake na kila mmoja anasimulia yaliyompata. Kairu ameonja ukimbizi wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mwanaheri, bintiye Kaizari, amempoteza mama. Zohali alipata mimba akiwa mwanafunzi na wazazi wakamgeuka. Chandachema alilelewa na bibi, bibi akafa, kisha akapitia mikononi mwa watu mbalimbali kama barua isiyo na anwani.

Wahakiki huiita mbinu hii masimulizi ndani ya masimulizi, wakaiweka katika fungu la fani na kwenda zao. Lakini fani hapa ndiyo maudhui. Linganisha huzuni ya Ridhaa. Daktari huyu, ambaye jamaa zake wameteketezwa ndani ya nyumba yake na jirani, anaomboleza katika upweke: anajisemea, anakumbuka, anauelekea uharibifu wa nyumba yake kama mtu aliye mahakamani peke yake. Huzuni ya mtu mzima inaandikwa kwa uzungumzi nafsia na mbinu rejeshi. Huzuni ya watoto inaandikwa kwa mazungumzo. Hakuna mtoto wa Tangamano anayeomboleza bila msikilizaji, na msikilizaji ni mtoto mwenzake aliyeumia vilevile. Hawashauriani sana. Hawana la kushauriana. Mmoja anasema, wengine wanasikiliza, halafu mwingine anasema, kila mmoja akiupima msiba wake kwa msiba wa mwenzake. Bweni linafanya kazi ambayo nyumba imeshindwa kuifanya, na linaifanya bila mtu mzima kuandaa chochote, isipokuwa paa, vitanda na kengele ya kulala.

Msomaji wa Kakamega aliyekuwa na kitabu hiki mkononi mwaka 2020 hakuwa na haja ya kufafanuliwa jambo hili. Tarehe 3 Februari mwaka huo wanafunzi wasiopungua 13 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipoteza maisha katika mkanyagano wa ngazini jioni, wakati wa kutoka madarasani. Viongozi walifika, salamu za rambirambi zilisomwa, na watu wazima wakashughulika na maswali ya watu wazima: ngazi, idadi, lawama. Haikupita miezi miwili kabla ya shule zote nchini kufungwa, katikati ya Machi, kwa sababu ya virusi vya korona. Watahiniwa wa kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Kwa miezi hiyo yote watoto wakubwa wa Kenya walirejeshwa katika kazi ambayo shule ilikuwa imewaondolea: kuwatazama wadogo zao kutwa nzima. Riwaya iliyokuwa ikitahiniwa ilikuwa na sura nzima ya watoto wakisaidiana kubeba yasiyobebeka. Maswali ya mtihani huuliza kuhusu taswira na kinaya.

Majina nayo yanastahili neno. Matei ni mwandishi wa majina ya matumaini: Umulkheri, Mwanaheri, Subira, Ridhaa, Neema, Hazina. Hata Chandachema na Pete, wakiwekwa pamoja, wanajenga methali. Miongoni mwa Wakabrasi wa Malava, na pia miongoni mwa Wabukusu jirani zao, desturi ni nyingine. Mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Wanjala akiwa mvulana na Nanjala akiwa msichana. Wa wakati wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Wa msimu wa mvua ni Wafula au Nafula. Jina ni kumbukumbu ya hali ambamo nyumba ilimpokea mtoto. Halimwombei asipatwe na njaa. Linasema kwamba njaa ilikuwapo naye akalelewa hata hivyo, na wanaomwita wanajua ni nani walimpa uji. Ukiyasoma majina ya Matei kwa sikio lililozoea majina hayo, unaona ni kwa nini riwaya yake inaharakisha kuelekea kwenye heri. Majina yamekwisha kuiahidi tangu ukurasa wa kwanza, na ahadi ya jina ni deni ambalo msuko unalazimika kulilipa.

Jamaa

Pingamizi moja hapana budi lijibiwe. Yawezekana kusemwa kwamba Matei hakuwasahau jamaa, bali amewakataa akijua afanyalo. Na ushahidi upo. Subira, mama yake Mwanaheri, ananyanyaswa na mavyaa yake kwa sababu ametoka jamii nyingine, hata anaondoka kwake. Pete anaozwa kwa mzee Fungo angali mtoto, na waliomwoza ni watu wa damu yake. Bibi wa Chandachema ni mwema, lakini anakufa mapema. Katika riwaya hii jamaa mbaya huishi na jamaa mwema hufa.

Msanii ana haki ya kuwaogopa jamaa, na mtu yeyote aliyeishi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 na 2000, ukimwi ulipokuwa ukiacha mayatima kila kijiji, anajua kuwa wapo wajomba waliochukua shamba na kumwacha mtoto. Lakini anajua pia kuwa mayatima wengi wa miaka hiyo hawakulelewa na mtawa wala na afisa wa jeshi. Walilelewa na mabibi ambao migongo yao ilikuwa imekwisha kupumzika, wakarudishwa kazini. Na bibi huyo hakufanya kazi peke yake, bali pamoja na mjukuu mkubwa kuliko wenzake. Hata serikali ililiona hili. Mpango wa kuwapa fedha wanaolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, ulijengwa juu ya hoja kwamba mtoto tayari anaishi na mtu wake, na mtu huyo ndiye wa kushikwa mkono. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliitambua kafala na uasili wa ndani ya ukoo, na mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 ulikusudia kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia. Yaani serikali, ambayo kwa kawaida hufika nyuma ya waandishi, mara hii ilipita mbele. Chozi la Heri linamtoa Mwaliko katika makao ya watawa na kumtia katika nyumba ya mume na mke wasomi, nalo linaiona safari hiyo kuwa ndiyo njia kuu. Njia ya bibi na mjukuu haimo, hata kama njia ya kushindwa.

Kisingizio cha kwamba riwaya haiwezi kusema kila kitu hakitoshi hapa. Riwaya hii inasema mambo mengi sana: ufisadi, mashamba, dawa bandia, mihadarati, ukeketaji, uchaguzi, elimu. Nafasi haikukosekana.

Mama, mtoto, na neno lililokosekana

Pengine sehemu ya tatizo iko katika lugha yenyewe. Methali inayopendwa na miongozo, ile ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, imejengwa kwa kiambishi cha nafsi ya pili umoja. Inamsemesha mtu mmoja. Inamwambia: matokeo ni yako. Kiswahili kina methali nyingine isiyotajwa sana madarasani, isemayo kuwa mkono mmoja haulei mwana, na hiyo ndiyo ambayo mtu wa Kisa angeitambua kuwa inazungumza juu ya nyumba yake. Kwamba walimu wameichagua ya kwanza na kuiacha ya pili ni jambo linaloeleza mengi juu ya jinsi shule inavyoifikiria familia.

Msamiati wa uokozi nao umejaa mitego. Mtoto akichukuliwa na wazazi wasiomzaa, Kiswahili cha Kenya husema amepangwa au ameasiliwa. Neno la kwanza ni lilelile la mtu anayekaa katika nyumba ya kodi. La pili linatokana na asili, kana kwamba mtoto anapewa mwanzo mpya na ule wa zamani unafutwa. Umu "anapangwa" na Mwangeka na Apondi. Lakini je, Umu alipokuwa mama wa Dick na Mwaliko, alikuwa nani wao? Kiswahili sanifu kina yaya, kina mlezi, kina mama wa kambo, kina mama mdogo na mama mkubwa. Hakina neno moja lililozoeleka la mtoto anayelea mtoto. Anaitwa "dada" tu, na neno dada halisemi ni kazi gani ameifanya.

Pengo hili linaonekana hata nje ya fasihi. Mwaka 2013 serikali ya Kaunti ya Kakamega chini ya Gavana Wycliffe Oparanya ilianzisha mpango ulioitwa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao wananchi waliubandika jina la gavana mwenyewe. Mama mjamzito asiye na uwezo alipewa shilingi 2,000 kwa awamu sita, kila awamu ikifungamana na kuhudhuria kliniki, hata mtoto alipofikia umri wa miezi kumi na minane. Ulikuwa mpango wa maana, na wanawake wengi walijifungulia hospitalini ambao huenda wangejifungulia nyumbani. Hata hivyo jina lake lina watu wawili tu. Mama akipanga foleni kliniki na mdogo, yule wa miaka mitatu amebaki nyumbani na nani? Na huyo aliyebaki naye, ikiwa ana miaka tisa, ni nani katika mpango? Si mama, na kwa siku hiyo si mtoto. Lugha ya sera na lugha ya riwaya zimefika mahali pamoja kwa njia mbalimbali: zote mbili zinamwona mzazi na zinamwona mtoto, na hazimwoni anayesimama katikati.

Hotelini

Mwisho wa Chozi la Heri unajulikana. Dick, aliyetumiwa kwa miaka mingi kusafirisha mihadarati, amejinasua na kuwa mfanyabiashara halali. Anakutana na Umu uwanja wa ndege. Mwaliko amelelewa na Mwangemi, binamu yake Mwangeka, na Neema. Ndugu watatu wanajikuta wote hotelini katika sherehe ya kuzaliwa kwa Mwangeka, na wanatambuana. Anayehudumu hapo ni Hazina, kijana wa mitaani wa zamani, ambaye Umu alimsaidia naye baadaye akamsaidia Umu.

Ni tamasha la kupendeza, na msomaji aliyewahurumia watoto hawa hawezi kulionea choyo. Lakini yafaa kuuliza ni sherehe ya nani. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa mtoto anapozaliwa na hupigwa mtu anapozikwa, na hata siku moja si ya mwenye nyumba peke yake: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinawaita watu wa kijiji na wanaitika. Sherehe ya riwaya ni ya mtu mmoja, afisa mwenye wadhifa, katika jengo ambamo kila kitu kinalipiwa. Umu, aliyewaosha ndugu zake, akawatafuta na kuulilia mlango uliokuwa wazi, anakaa mezani kama binti wa kupangwa. Hapana anayesimama kumtaja. Hazina, ambaye daraja na vichochoro vya mji vilimfundisha kugawana mkate, amevaa sare na kubeba sinia. Wale wawili ambao waliwahi kuwa msaada wa kweli kwa watoto wengine wakiwa wao wenyewe ni watoto, mmoja amegeuzwa kuwa mpokeaji na mwingine kuwa mhudumu.

Inafaa kukumbuka riwaya iliyotangulia kutahiniwa kabla ya hii, Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 2012. Mwandishi huyo, mzaliwa wa Bungoma, aliwapa vijana wawili, Amani na Imani, kitoto kilichotupwa mlangoni. Hawakukizaa na hawana undugu nacho. Wanakipa jina la Uhuru, wanakilisha, wanakipeleka kutibiwa na hawapati tiba. Kitoto kinakufa, na vijana wanakamatwa kwa tuhuma za kukiua. Walibora hana sherehe ya kuwapa. Lakini anaiweka kazi yao waziwazi mbele ya msomaji, usiku kwa usiku, pamoja na umaskini wake na woga wake, na anaonyesha jinsi jamii inavyomshuku mtu anayemlea mtoto bila kuwa na cheo cha kumlea. Polisi wanawauliza Amani na Imani swali ambalo hakuna amwulizaye Umu hotelini: mtoto huyu alikuwa wenu kwa njia gani?